Duka la Kijijini na Daftari la Deni

Wengi katika vijana wetu hupata mtaji mdogo wakafungua duka kijijini, na kabla mwaka haujaisha rafu zikabaki tupu. Watu husema, "Amehusudiwa." Sisi twasema, na tulitazame kwanza daftari lake. Duka la mjini likifungwa, mnunuzi huvuka njia akaingia la pili. La kijiji cha mbali likifungwa, mama wa watoto hana pa kupata chumvi wala kiberiti ila kwa safari. Basi hasara hiyo si ya mwenye duka peke yake.

Jambo la kwanza ni kuijua njia ya bidhaa. Vyombo vitokavyo Lamu kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, na mkondo huo wataka maji ya kujaa. Tena kusi ikivuma, bahari huchafuka na wavuvi hupungukiwa. Mwenye duka aliye na akili huweka akiba ya unga, mchele, sukari na sabuni kabla ya miezi hiyo, wala hajazi rafu kwa vitu vya anasa vikakaa kula vumbi. Mtaji uliolala hauzai.

La pili ni hisabu. Tufanye mfano: gunia la sukari la kilo 50 limenunuliwa kwa shilingi 6,500, na nauli ni shilingi 300, jumla 6,800. Katika kupima robo robo, kilo moja hupotea, zabaki 49. Akiuza kilo kwa shilingi 150 atapata 7,350, na faida yake ni 550. Sasa akikopesha kilo 5 zisilipwe, zimekwenda shilingi 750. Faida ya gunia zima imetoweka, na mtaji umeliwa shilingi 200. Kilo 5 tu!

Hapa ndipo maduka mengi yafapo. Ami huja, na shangazi, na jirani, kila mmoja kwa haya ya ujamaa, na muuzaji huona aibu kuandika. Lakini Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, imetuagiza deni tuliandike, liwe dogo au kubwa. Basi kuandika si kumtuhumu mtu, bali ni kuuhifadhi udugu usivunjwe na usahaulifu. Iandikwe siku, kitu, bei na ahadi ya kulipa, na mkopaji asomewe. Kila nyumba iwekewe mpaka wake, na deni la kwanza lisipolipwa, la pili lisitolewe. Ama aliye na dhiki ya kweli, aya ya 280 yataka angojewe mpaka apate wasaa; wala asiongezewe kitu kwa kuchelewa, maana hiyo ni riba. Na anayetaka kusaidia maskini na atoe sadaka katika faida yake, aijue kuwa ni sadaka, asiiite deni.

La tatu ni mkoba. Fedha za duka si fedha za jikoni. Mwenye duka ajikadirie posho yake, na akichukua sabuni rafuni, aandike kama mnunuzi mwengine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, wenye maduka wengi wamekuwa mawakala wake. Nao pia watenge fedha za kazi hiyo, wasizinunulie unga, asije mtu kutoa fedha zake akaambiwa hazipo.

La nne ni mizani. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya vikali wapunjao vipimo. Kijijini, mtoto atumwaye robo ya sukari hana mizani ya kuhakikishia. Hana ila uaminifu wa muuzaji. Uaminifu huo ukivunjika mara moja, hauji na chombo cha kesho.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, ewe ndugu, usiku wa leo kabla hujafunga mlango, lifungue daftari.