SOMO LA ROBO HII: Moto wa Jikoni na Mabadiliko ya Tabianchi



Somo hili linakusudia kuzisaidia kamati kuona uhusiano wa jiko la nyumbani na mabadiliko ya tabianchi, na kuchagua hatua ambazo kaya inaweza kuzianza bila kusubiri mradi.

1. Tatizo liko wapi?
Kaya nyingi za Tanzania bado hupikia kuni na mkaa. Mkaa huonekana nishati nafuu, lakini hasara yake kubwa iko msituni. Katika tanuri la kienyeji, kilo 1 ya mkaa huhitaji takriban kilo 6 hadi 10 za kuni. Nishati nyingi ya mti hupotea hapo, kabla mama hajawasha jiko, na tanuri hutoa hewa ukaa na methani. Miti isipoota tena, hewa ukaa iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake hubaki angani. Kwenye mafiga matatu nako, sehemu 1 hadi 2 tu kati ya 10 za joto ndizo hufika kwenye sufuria.

Moshi nao huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaokaa karibu zaidi na moto ni akina mama na watoto wadogo.

2. "Sisi maskini tumechafua nini?"
Swali hili ni la haki. Nchi tajiri zimechafua anga kuliko sisi, na zinawajibika zaidi. Lakini msitu ukiisha, chemchemi inayokauka ni yetu, na anayetembea mbali kutafuta kuni ni binti yetu. Kwa hiyo tunabadilika kwanza kwa faida yetu, na anga nayo hunufaika.

3. Hatua za kuanza nazo
(a) Bila gharama: kausha kuni na uzipasue ndogo, funika sufuria, loweka maharage usiku kucha, zima moto chakula kikiiva.
(b) Gharama ndogo: tumia jiko banifu. Tengeneza pia kapu la kupikia: kapu lililojazwa vitambaa au majani makavu ya mgomba. Wali ukichemka dakika chache, weka sufuria humo, funika vizuri, nao utaiva bila moto.
(c) Wenye ng'ombe wa ndani: samadi hutoa gesi ya kupikia, na masalia yake ni mbolea.
(d) Wenye umeme: jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa chini ya uniti 1. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hutumia 1.35.

4. Angalizo kwa kamati na wafadhili
Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tusipime mafanikio kwa idadi ya majiko yaliyogawiwa. Jiko lisiloenea sufuria ya ugali ya familia huishia stoo. Mtungi wa gesi ukiisha na fedha ya kujaza haipo, mama hurudi kwenye mkaa. Kwa hiyo waulizeni wapishi kabla ya kununua, wekeni mfuko wa kukopeshana kwa ajili ya kujaza gesi, na tembeleeni kaya baada ya miezi sita. Kumbukeni pia majiko ya shule na hosteli zetu: sufuria moja ya hapo hula kuni za kaya nyingi.

5. Maswali ya kujadili
- Kaya zetu hutumia fedha na saa ngapi kwa wiki kutafuta nishati?
- Nani huamua ununuzi wa jiko, na nani hulitumia?
- Mkaa wetu unatoka msitu gani, na nani anapanda miti hapo?
- Ni hatua ipi moja tutaianza mwezi huu, na nani atafuatilia?

Andikeni majibu kwenye muhtasari wa kikao na mtuletee nakala ofisini. Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi