Kusoma Ngozi ya Mteja



Somo hili ni la wale ambao kikundi chao kinaendesha saluni au kibanda cha kinyozi, kama wanavyofanya wengi Kibera na Kawangware. Mteja anaketi, anauliza, "Uso wangu una nini? Nipake nini?" Kabla ya kufungua kopo lolote, tusome ngozi kwanza.

Mafundisho mengi ya urembo yalianzia kwenye ngozi nyeupe. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alipanga ngozi kwa jinsi zinavyoungua juani. Mwanzoni zilikuwa za weupe tu. Za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, nambari 5 na 6. Yaani sisi sote tukabanwa katika nambari mbili! Foleni moja ya maji Kibera ina rangi zaidi ya hizo.

Ukifundishwa kwamba ngozi iliyowashwa huwa nyekundu, kwa mteja mweusi utaingoja hiyo nyekundu mpaka jioni. Kwetu mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu. Basi mlete mteja mlangoni penye mwanga wa mchana, maana ndani ya mabati na balbu moja huoni kitu. Linganisha shavu na upande wa ndani wa mkono, usiopigwa na jua. Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto? Pamefura? Halafu uliza kwa upole, "Mama, umekuwa ukipaka nini?"

Hapo ndipo penye uzito. Krimu nyingine za kujichubua zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na kopo halisemi. Zebaki hupenya ngozini na kuharibu figo. Steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, na ikipakwa juu ya mapunye, mwasho hutulia huku ugonjwa unaenea. Ukiona uso mweupe lakini viungo vya vidole vimebaki vyeusi, shuku mkorogo. Usimgombeze, atahamia kibanda cha jirani. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba mwisho wa vipodozi vyenye zebaki uwe 2025, hata kiasi kidogo. Lakini mkataba hauingii kibandani. Unayeingia ni wewe.

Baka lililopauka ambalo halisikii ukiligusa kwa pamba, usilipake chochote. Laweza kuwa ukoma, nao hupona kwa dawa. Mpeleke mteja kliniki upesi. Wako wahudumu waliosomea ngozi zetu hasa: chuo cha Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza tangu 1992, kutoka nchi nyingi za Afrika.

Bidhaa mpya ijaribuni kwanza kidogo ndani ya kiwiko, mngoje siku mbili.

Maswali ya kikundi:

Ni makopo gani kwenye rafu yetu hayaonyeshi kilichomo? Tutayafanyia nini, na hasara ataibeba nani?

Mteja akidai mkorogo na pesa ziko mkononi, nani kati yetu atamjibu, na kwa maneno gani?