Seva ya Hifadhidata Ndani ya Kituo cha Afya

Wazo la OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, lilizaliwa mwaka 2004 baada ya wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani kuzuru Eldoret, Kenya. Programu hiyo huhifadhi taarifa katika MySQL, hifadhidata ambayo nayo ni huria. Kituo hakilazimiki kununua leseni ili kuisimika.

Kwa kituo cha afya cha wilayani Bahi au Mpwapwa, seva iliyomo ndani ya jengo lenyewe ina faida kubwa: intaneti ikikatika, tabibu bado anaiona dozi aliyopewa mgonjwa mwezi uliopita. Kusimika ni kazi fupi. Katika kompyuta yenye Ubuntu, amri ya "sudo apt install mysql-server" huleta vinavyohitajika, na "mysql_secure_installation" husaidia kuondoa watumiaji wasio na majina. Kisha programu ya wagonjwa ipewe akaunti na nywila yake, isitumie akaunti kuu. Na mlango wa 3306 usifunguliwe kwa mtandao wa nje.

Mtihani ni umeme, hasa katika miezi ya mvua na radi, Desemba hadi Aprili. Mpangilio uitwao innodb_flush_log_at_trx_commit, ukiwa 1, huandika kila badiliko kwenye diski kabla ya kulithibitisha. Wapo mafundi wanaougeuza kuwa 0 au 2 ili mfumo uende kasi. Umeme ukizimika ghafla, taarifa za takriban sekunde moja ya mwisho huweza kupotea, na katika sekunde hiyo huenda muuguzi alikuwa amehifadhi mzio wa penisilini. Kasi hiyo ni ghali mno. Ubaki 1, na seva iwe na betri ya akiba itakayoipa muda wa kuzimwa kwa utaratibu.

Kila usiku nakala ichukuliwe kwa mysqldump, ikiongezwa "--single-transaction" ili walio zamu waendelee kuandika. Diski ya nakala ifungwe kwa nywila, ikae jengo jingine. Mara moja kwa mwezi nakala irejeshwe katika kompyuta ya pembeni, na kumbukumbu kumi zilinganishwe na zilizomo kwenye seva. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kasoro ya nakala hugunduliwa siku seva imeshakufa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa anayeuliza dirishani ni nani huliona faili lake, na nakala yake iko wapi, anastahili kujibiwa.