Kamera Mikononi mwa Kijana: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Mwaka 1997, Mathare, Nairobi, mpigapicha Lana Wong aliwapa vijana wa chama cha michezo cha MYSA kamera ndogo za plastiki wapige picha za maisha yao wenyewe. Mradi huo, Shootback, ulizaa kitabu. Wasanii wengi wameuiga tangu hapo. Wameiga kamera, hawakuiga uangalifu. Nimefundisha kazi hii miaka mingi, na nimechoka kuona kijana akilipia kosa la mtu mzima.

RIDHAA

Fanya: Omba ridhaa mara mbili, kabla ya kupiga na kabla ya kutundika. Anayekubali Januari mbele ya wenzake anaweza kuikataa picha hiyohiyo Juni. Msomee mzazi au mlezi fomu kwa lugha ya nyumbani. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18.

Usifanye: Usichukue sahihi siku ya kugawa kamera. Aliyeshikishwa kamera mpya atasaini chochote. Na sahihi ya mama haifuti "sitaki" ya mtoto.

USALAMA

Fanya: Futa taarifa za mahali kwenye faili kabla ya kulituma, simu huziandika humo kimyakimya. Kagua picha hadi pembeni: beji ya shule, namba ya mlango, kibao cha duka.

Usifanye: Usimtume kijana kuwapiga picha wauza chang'aa wala askari. Wewe jioni unarudi kwako. Yeye kesho asubuhi atawakuta kona ileile.

Usiandike mkasa wa mtoto chini ya picha yake. Msichana niliyemfundisha alipiga kitanda cha mama yake, picha tulivu, nzuri ajabu. Mwandaaji wa maonyesho akaongeza sentensi moja: mama anaishi na virusi. Mgeni akaipiga kwa simu, ikafika kwenye ploti yao kabla maonyesho hayajafungwa. Wiki haikuisha, wakahama. Picha haikuwa imesema lolote. Nilikuwepo maelezo yakibandikwa, sikuyasoma. Yasome yote, kila neno, pamoja na mwenye picha.

MALI

Fanya: Andikeni mkataba: picha ni ya aliyeipiga, na ikiuzwa fedha ni zake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamtambua kuwa mtunzi yule aliyeipanga picha, si aliyenunua kamera.

Usifanye: Usimkatie picha ifanane na zako. Ukitaka zako, kapige.

KUONDOKA

Fanya: Taja tarehe ya mwisho siku ya kwanza. Vijana hawa wameachwa na wengi. Wasijue umeondoka kwa kukuta geti limefungwa. Kila mmoja apate nakala zake, za karatasi na za kwenye flashi.

Usifanye: Usiahidi karo wala safari usiyoilipia tayari. Na usikusanye kamera siku ya sherehe, wageni wakitazama.