Ujuzi, Ustadi, Umilisi: Maneno Matatu Ndani ya Kayaki

Wenzangu wa somo la tafsiri wana desturi ya kuandika «ujuzi» kila wanapokutana na neno la Kifaransa linalogusa uwezo wa mtu. Naona desturi hiyo inaficha jambo. Nimechukua mfano wa mbali ili tulione: namna waendesha kayaki za baharini wanavyopimwa.

Kayaki ni chombo chembamba cha Wainuiti wa Greenland, ambao wenyewe husema qajaq. Zamani kilikuwa kiunzi cha mbao zilizookotwa ufukweni, kilichovikwa ngozi ya sili. Mwindaji aliketi ndani ya tundu, vazi lake likabana ukingoni ili maji yasiingie. Mtumbwi wetu wa Kivu ukipinduka unakutupa nje. Kayaki ikipinduka unabaki ndani, kichwa chini. Ndiyo maana alipaswa kujua kujiinua bila kutoka. Katika mashindano ya taifa ya Greenland kuna orodha ndefu ya namna za kujiinua, kila moja na pointi zake, na nyingine hufanywa kwa mkono mtupu, bila kafi.

Hapo hakuna ubishi. Mtu ameinuka au hakuinuka, mpimaji anahesabu. Hilo naliita ustadi: tendo linaloonekana, linalorudiwa, linalotiwa alama.

Lakini Mwingereza Gino Watkins alikuwa na ustadi huo. Alijifunza kujiinua kutoka kwa Wagreenland wakati wa msafara wake wa 1930–1931. Tarehe 20 Agosti 1932, akiwa na miaka 25, alikwenda peke yake kuwinda sili huko huko Greenland. Kayaki yake ilikutwa ikielea bila mtu, na suruali yake juu ya kipande cha barafu. Mwili haukupatikana. Hakuna aliyeshuhudia kilichotokea, basi nisimhukumu marehemu; nasema tu kwamba mtihani wa kujiinua haumuulizi mtu kama inafaa kwenda peke yake siku ile.

Kisa cha pili ni kichungu zaidi. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi 8, mwalimu wao na viongozi 2 waliondoka Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, kwenda Charmouth, safari fupi tu kando ya pwani. Upepo wa kutoka nchi kavu uliwasukuma baharini, kundi likatengana, vijana 4 wakafa. Viongozi walikuwa na vyeti, ila vya ngazi ya chini. Cheti hakikudanganya, waliokisoma ndio waliodai kiseme kisichosema. Mwaka 1995 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya usalama wa vijana katika vituo vya michezo ya namna hiyo.

Leo kiongozi wa kayaki Uingereza hupimwa baharini kwenyewe, akiwa na watu wa kuongoza, na cheti chake hutaja hali ya bahari, kwa mfano upepo usiozidi nguvu 4 ya Beaufort, yaani kama kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Mpimaji anatazama pia jinsi anavyosoma maji kupwa na kujaa, na kama anathubutu kurudisha kundi nyuma.

Wanaisimu wetu tayari wana neno la uwezo huo. Chomsky alipotenga umilisi na utendi mwaka 1965, alimaanisha maarifa ya sarufi yaliyomo akilini. Dell Hymes akapinga: anayejua sarufi tu hajui bado lini aseme, na nani, na lini anyamaze. Umilisi wa Hymes ndio naoutaka kwa kiongozi wa kayaki.

Kwa hiyo napendekeza «ustadi» kwa tendo moja moja, «umilisi» kwa uwezo wa kuamua katika hali halisi, na «ujuzi» libaki kwa maarifa. Mitihani yetu ya mazungumzo, ambapo mwanafunzi husoma karatasi aliyoiandaa nyumbani, inapima ustadi kwenye maji tulivu. Tusiandike umilisi juu yake.

Linabaki «uzoefu», ambalo wengi hulitumia kana kwamba linatosha. Linatokana na kuzoea, na mtu anaweza kuzoea ghuba moja tulivu kwa miaka 20.