Joto kwa Kila Mita ya Mraba: Mwongozo wa Kubadili Vipimo kwa Wachimbaji na Mafundi wa Kalangalala, Geita

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha wachimbaji wadogo, wasimamizi wa maduara, mafundi wa sola na wanafunzi. Wote hukutana na vipimo vya joto vinavyotofautiana. Paneli ya sola huandikwa wati, mitambo ya Marekani huandikwa BTU, na vitabu vya zamani hutumia kalori. Namba hizo hazilinganishwi mpaka ziwekwe kwenye kipimo kimoja, nacho ni wati kwa mita ya mraba (W/m²).

1. Tunapima nini?

Joto ni nishati, hupimwa kwa jouli. Jouli 1 ikipita kila sekunde, hiyo ni wati 1. Gawanya wati kwa eneo ambalo joto linapitia, utapata W/m². Kipimo hiki kina sehemu tatu: kiasi cha joto, eneo na muda. Anayebadili kipimo lazima aziangalie zote tatu.

Mfano ni BTU 1 kwa futi ya mraba kwa saa. BTU 1 ni jouli 1,055, saa 1 ni sekunde 3,600, na futi ya mraba 1 ni mita ya mraba 0.0929. Kwa hiyo: 1,055 ÷ 3,600 ÷ 0.0929 = 3.155 W/m².

2. Namba za kuzidisha

Ili kupata W/m², zidisha hivi:

- BTU kwa futi ya mraba kwa saa: × 3.155
- Kilokalori kwa mita ya mraba kwa saa: × 1.163
- Kalori kwa sentimita ya mraba kwa sekunde: × 41,840
- Kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa siku: × 41.67 (wastani wa saa 24)

Ukitaka kurudi kwenye kipimo cha mwanzo, gawanya kwa namba hiyohiyo.

3. Joto la jua

Nguvu ya paneli iliyoandikwa kwenye kibandiko hupimwa kiwandani chini ya mwanga wa 1,000 W/m². Hiyo ni sawa na BTU 317 kwa futi ya mraba kwa saa, au kilokalori 860 kwa mita ya mraba kwa saa.

Ramani za jua huonyesha jumla ya siku nzima. Mahali penye kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku pana wastani wa 5 × 41.67, yaani 208 W/m², usiku ukiwemo. Fundi asichukue wastani huu akaulinganisha na 1,000 ya kibandiko: mmoja ni wa mchana na usiku, mwingine ni wa jua kali.

4. Joto la mwamba

Geita imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, mwamba wa kale sana unaobeba dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria. Joto linalopanda hadi juu ya ardhi kupitia kratoni hii ni takribani miliwati 34 kwa mita ya mraba, yaani 0.034 W/m². Wastani wa mabara ni kama miliwati 65. Vitabu vya zamani vya jiolojia hutumia HFU, kipimo cha mtiririko wa joto la ardhi, na HFU 1 ni miliwati 41.84 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kiwango chetu ni HFU 0.81.

Kwa joto dogo hivyo, kushuka mita 100 kwenye mwamba wa kawaida huongeza takribani nyuzi joto 1 tu. Basi fukuto la duara lenye kina cha makumi ya mita halitoki kwenye mwamba; hutoka zaidi kwa watu na mashine.

5. Joto la mchimbaji

Mtu aliyekaa ametulia hutoa takribani 58 W/m² ya ngozi yake, sawa na kilokalori 50 kwa mita ya mraba kwa saa. Anayefanya kazi nzito hutoa takribani 230. Ngozi ya mtu mzima ina eneo la kama mita za mraba 1.8, kwa hiyo mchimbaji mmoja hutoa wati 414 hivi, na watano hutoa zaidi ya wati 2,000 ndani ya nafasi finyu. Pampu na mashine nyingine huongeza joto juu ya hapo.

Mwili hupoa kwa jasho kukauka. Hewa ikituama na kujaa unyevu, jasho halikauki na joto hubaki mwilini.

6. Hatua za kuchukua

- Peleka hewa safi chini kabla ya watu kushuka na muda wote wa kazi.
- Punguza idadi ya watu wanaochimba pamoja, na wapokezane zamu.
- Kunyweni maji mara kwa mara bila kusubiri kiu.
- Mwenzenu akipata kizunguzungu, akitapika au akianza kuongea ovyo, mtoeni haraka, mmwagieni maji, mpepeeni na kumpeleka hospitali.
- Kabla ya kununua feni au mtambo wa kupooza, geuza vipimo vya muuzaji kuwa wati.

Msimamizi wa duara, fanya hesabu hii leo: wachimbaji wako ni wangapi, wanatoa wati ngapi, na hewa unayopeleka inatosha kuliondoa joto hilo? Kama haitoshi, usimshushe mtu.