Kila Soda Ina Kazi Yake: Jinsi ya Kuacha Mazoea ya Soda Ukiwa Chemba

Kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza, jua la Chemba halina huruma. Hewa ni kavu, vumbi ni jingi, na mtu anayetoka shambani Kidoka au mnadani anafika dukani koo limekauka. Mwenye duka anauliza: "Nikupe ya baridi au ya moto?" Wala haulizi kama ni soda au maji. Lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, inapita wilayani, na siku hizi soda ya baridi inapatikana hata mahali ambapo maji matamu ya kunywa yanafuatwa mbali.

Soda moja ya harusini haina ugomvi na mtu. Mwongozo huu ni kwa yule anayekunywa moja, mbili au tatu kila siku, na akikosa anaona siku haijakamilika. Jambo la kushika ni hili: kila soda unayokunywa kuna kazi inakufanyia. Moja inakata kiu, nyingine imekuwa chakula cha mchana, nyingine inakufukuzia usingizi, na nyingine ni heshima ya mgeni. Ukiiondoa na kuacha nafasi wazi, itarudi. Kazi yake ukimpa mwingine, utaiacha na hutaitamani sana.

Hatua ya 1: Andika kila soda kwa siku saba

Wiki ya kwanza usipunguze chochote. Chukua daftari au simu yako, na kila ukinywa soda andika mambo manne: saa, mahali, uko na nani, na ulikuwa unajisikiaje. Kwa mfano: "Saa saba mchana, kijiweni, na wenzangu, njaa." Enaji na juisi za viwandani ziandike pia, maana nazo zina sukari nyingi.

Mwisho wa wiki soma ulichoandika. Utakuta soda zako nyingi zinarudi kwenye saa zile zile na mahali pale pale. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Hatua ya 2: Pima sukari kwa mkono wako

Chukua glasi tupu, kijiko cha chai na sukari. Chupa ya mililita 350 ya kola ya kawaida ina takribani gramu 37 za sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinachukua kama gramu 4. Kwa hiyo hesabu vijiko tisa, umimine kimoja kimoja ndani ya glasi mbele ya watu wa nyumbani. Kisha jiulize: ningekorogewa chai yenye vijiko tisa, ningeinywa?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata mtu kwenye chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na likasema ni bora zaidi kushuka hadi gramu 25. Soda moja tayari imepita kiwango hicho bora. Soda mbili zimevuka hata kile cha juu, na hapo hujahesabu chai ya asubuhi.

Piga na hesabu ya fedha. Ikiwa soda kwenu inauzwa Sh 700 na unakunywa mbili kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 umetumia Sh 42,000, na kwa mwaka Sh 511,000. Andika jumla yako ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 3: Itambue kazi ya kila soda

Rudi kwenye orodha ya wiki, na mbele ya kila soda andika kazi yake:

- Kiu. Umetoka juani na unataka kitu cha baridi.
- Njaa. Soda na keki, au soda na mandazi mawili, ndiyo imekuwa mlo wa mchana.
- Uchovu. Unaendesha bodaboda au unakaa dukani, na usingizi unakuja alasiri.
- Mazungumzo. Umekaa na wenzako, kila mtu ana chupa mkononi.
- Heshima. Umetembelea nyumba ya watu, au umepokea mgeni.

Soda mbili zinaweza kuwa za aina moja lakini kazi zikatofautiana. Ndiyo maana kusema tu "kunywa maji badala yake" hakuwasaidii wengi. Maji yanakata kiu, hayashibishi.

Hatua ya 4: Andaa mbadala kabla hujapunguza

*Kwa kiu, tengeneza mtungi.* Nyanda za kati zina bahati moja: hewa yetu kavu inafanya mtungi wa udongo upoze maji vizuri kuliko pwani, ambako hewa imejaa unyevu. Maji hupenya polepole kwenye kuta za mtungi na kukauka kwa nje, na yanapokauka yanaondoka na joto, kama jasho linavyopoza mwili. Chagua mtungi ambao haukupakwa rangi wala vanishi. Usipoona unyevu kwa nje baada ya kuujaza, hautapoza. Uweke kivulini panapopita upepo, juu ya mchanga uliolowanishwa, na uufunike. Chemsha maji au yatibu kwa dawa, yaache yapoe, ndipo umimine. Teka kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji. Uoshe mtungi kila baada ya siku chache.

Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, kuchemsha hakutaondoa chumvi. Yakizidi ukali kiasi cha kutonyweka, tumia maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au nunua maji matamu kwa ajili ya kunywa tu na ya kisima yafanye kazi nyingine. Fedha ya soda mbili inaweza kuigharimia hiyo.

*Kwa hamu ya ladha, tumia ubuyu na ukwaju.* Mibuyu imejaa wilaya hii, na unga wake, kwa uzito ule ule, una vitamini C nyingi kuliko chungwa. Chukua kikombe cha ubuyu mweupe wenye mbegu, loweka kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, koroga mpaka unga uachane na mbegu, kisha chuja. Usitumie ule wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari. Ukwaju uloweke saa moja au mbili, uuponde kwa mkono safi, uchuje. Wiki ya kwanza tia vijiko viwili vya sukari kwa lita nzima, baadaye kimoja, baadaye uache. Vinywaji hivi vina ukali, kwa hiyo sukutua kwa maji baada ya kunywa ili kulinda meno.

*Kwa njaa, kula.* Uji mzito wa uwele au mtama, maziwa mgando, karanga za kukaanga, kiporo cha ugali na mboga: chochote kati ya hivi kitakushibisha kwa muda mrefu kuliko soda na keki. Togwa nayo inafaa, na kimea chake kinaitia utamu bila kuongezewa sukari.

*Kwa uchovu, tafuta chanzo chake.* Mara nyingi ni usingizi mfupi wa usiku au kukosa maji mwilini. Kunywa vikombe viwili vya maji, tembea kidogo kivulini, na ukihitaji kuamka kunywa chai kavu isiyo na sukari nyingi. Usiikimbie soda ukaangukia enaji, maana ina kafeini na sukari vyote viwili.

Hatua ya 5: Punguza kwa ngazi

Anza na soda iliyo rahisi kuiacha, na kwa wengi hiyo ni ya kiu. Kama unakunywa tatu kwa siku, wiki ya pili baki na mbili. Wiki ya tatu baki na moja. Wiki ya nne iwe moja kila baada ya siku moja, na baada ya hapo iwe ya sherehe tu. Kila unapopunguza, nunua chupa ndogo. Ile kubwa ya plastiki hainywewi nusu, kwa sababu ukishaifungua utaimaliza.

Wanaokunywa kola wajue kwamba kola ina kafeini. Ukiikata ghafla, kichwa kinaweza kuanza kuuma ndani ya siku moja, ukawa mzito na mwenye hasira ndogondogo, na hali hiyo ikadumu siku mbili hadi tisa hivi. Inapita. Kunywa maji ya kutosha, lala mapema, na chai kikombe kimoja itakusaidia kushuka taratibu.

Soda zisizo na sukari zinaweza kukuvusha wiki chache, lakini usizifanye makazi. Bado zina asidi inayokula meno, na ulimi unaendelea kudai utamu ule ule.

Waislamu wana nafasi nzuri mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa mchana kutwa soda haipo. Kazi inabaki moja: wakati wa kufuturu fungua kwa tende na maji, kisha uji, na usiruhusu chupa irudi mezani usiku kulipia mchana.

Hatua ya 6: Isogeze soda mbali

Mwaka 2014 Meksiko iliweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya vinywaji vyenye sukari, na mwaka wa kwanza manunuzi yakashuka kwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Bei ikiwa juu kidogo au chupa ikiwa mbali kidogo, watu hupunguza. Wewe huhitaji kungoja serikali:

- Usiweke soda nyumbani. Ya sherehe nunua siku ya sherehe.
- Beba maji ya mtungini kwenye dumu dogo au chupa iliyofungwa kitambaa kilicholowa. Anayeendesha bodaboda afunge yake kwenye pikipiki kabla ya abiria wa kwanza.
- Unapokwenda mnadani, kula kabla ya kutoka.
- Msimu wa kuuza ufuta na alizeti fedha huwa mfukoni na kila mtu ananunuliana. Amua kiwango chako kabla fedha haijaingia.
- Mwambie mwenye duka wako wa kila siku: "Dada, nikija usinifungulie soda, nipe maji." Akishazoea, atakuwa msaada mkubwa.

Hatua ya 7: Linda heshima, badilisha kinywaji

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kukataa soda ya mwenyeji kunaweza kuonekana dharau, na mwenyeji pengine amemtuma mtoto dukani kwa fedha yake ya mwisho. Kwa hiyo sema mapema, kabla mtoto hajatoka: "Shikamoo mama. Usihangaike na soda, mimi nimekuja kunywa maji ya mtungi wako." Ukiwa umechelewa na chupa imeshafunguliwa, omba glasi mbili mgawane, na ushukuru.

Ukiwa wewe ndiye mwenyeji, mpe mgeni ubuyu kwenye glasi safi, juu ya sinia, kwa mikono miwili. Heshima iko katika namna ya kupokea. Na unapokwenda kumwona mgonjwa, peleka matunda, mayai au maziwa. Soda haiongezi damu, na mwenye kisukari inamuumiza.

Hatua ya 8: Watoto wasianze

Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilisema wazi kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 hapaswi kupewa vinywaji vyenye sukari. Usimbembeleze kwa soda. Akiharisha, soda inaweza kuzidisha. Mpe maji ya ORS, endelea kumnyonyesha au kumlisha, na umpeleke kituo cha afya. Wale wakubwa wafanye soda iwe ya sikukuu, na wewe uwe wa kwanza kufuata sheria hiyo, maana mtoto anakunywa anachomwona mzazi wake akinywa.

Hatua ya 9: Ukiteleza, usirudi mwanzo

Ukinywa mbili siku ya msiba au harusi, andika kwenye daftari kama kawaida, pamoja na kazi iliyofanywa na chupa hizo. Kesho yake endelea na ngazi uliyokuwapo. Soda mbili hazifuti wiki tatu.

Nani aanzie hospitali?

Kama unatumia dawa za kisukari au insulini, ongea na daktari kabla ya kubadilisha unachokunywa, kwa sababu sukari inaweza kushuka kuliko inavyotakiwa. Na kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara nyingi hasa usiku, unapungua uzito bila sababu au vidonda vinachelewa kupona, nenda kapime sukari wiki hii hii. Kipimo ni tone la damu kidoleni, na kisukari kikigundulika mapema kinadhibitika.

Mwisho wa mwezi wa pili

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, toa ulichotumia kwenye soda sasa kwenye ulichokuwa ukitumia, na salio lipe kazi yenye jina: madaftari ya shule, mbuzi, au bati na mfereji wa kuvunia mvua ijayo. Fedha isiyo na kazi itarudi dukani kununua soda. Kisha onja soda mara moja. Wengi waliopunguza huiona imezidi utamu, na hapo utajua ulimi wako umeshabadilika. Jirani akikuuliza umefanyaje, usimhubirie. Mpe daftari tupu na umwambie aandike siku saba.